Kaat, Eckersley au Smoltz: ukitaka kumfuata pitcha mmoja tu aliyegeuka mtangazaji, anza na nani?

Mi nafanya shifti ya usiku mapokezi kwenye hoteli moja hapa Dar. Mechi ya besiboli ikianza saa moja jioni kule Boston au New York, huku kwetu ni saa nane usiku, ule muda wageni wote wameshalala, simu ya mezani haiiti na macho yanakuwa mazito. Ndo nilivyoanza. Mwanzo nilikuwa naweka tu ili nisisinzie, afu miezi ikapita nikajikuta naangalia ratiba ya mechi kabla sijaangalia ratiba ya zamu.

Kilichonishika kwanza wala haukuwa mchezo, zilikuwa sauti za wale wawili wanaoongea. Mmoja ni mtangazaji, anasimulia mpira umekwenda wapi, mwingine ni mchambuzi na mara nyingi ni mchezaji wa zamani, na baada ya muda nikagundua wachambuzi ninaowapenda karibu wote walikuwa mapitcha, yaani wale warushaji wanaosimama kwenye kale kakilima katikati ya uwanja wanamrushia mpigaji mpira.

Sasa usiku mmoja wa Jumamosi kuamkia Jumapili dogo mmoja wa ulinzi akavuta kiti akakaa pembeni yangu, akasikiliza dakika kama kumi hivi kimya, afu akasema, "Kaka, huyu anayeongea alicheza kweli au anaongea tu?"

Nikamwambia, "Alicheza zaidi ya miaka ishirini, dogo. Huyo ni John Smoltz, ana ushindi 213."

"Na wapo wengi kama yeye?"

"Wapo wengi sana."

"Basi nipe mmoja nianze naye. Usinipe kumi, nitachanganyikiwa."

Sikuweza kumjibu palepale, maana kumpa mtu mlango mbaya wa kuingilia mchezo ni kumfukuza. Nimekaa nalo siku kadhaa, nikawapunguza mpaka wakabaki watatu: Jim Kaat, Dennis Eckersley na John Smoltz. Wote watatu wako kwenye Jumba la Heshima la besiboli pale Cooperstown, New York. Wote waliwahi kuwa pitcha wa kuanza mechi na pia pitcha wa kuingia katikati au mwishoni, kwa hiyo wanazijua kazi zote mbili. Na wote walikaa kwenye maiki miaka mingi. Lakini maisha yao hayafanani kabisa na ukikosea wa kuanza naye unaweza ukaona besiboli ni hesabu tu na wazee kulalamika.

Kabla sijaenda kwao, kitu kimoja kuhusu kazi ya pitcha. Kutoka anaposimama mpaka alipo mpigaji ni kama mita 18 na nusu. Mpira ukitoka na kasi ya kilomita 150 kwa saa unafika ndani ya muda usiofika nusu sekunde, yaani mpigaji hana nafasi ya kutafakari, anakisia tu, na kazi yote ya pitcha ni kukiharibu kile kisio, amfanye ategemee wa kasi aletewe wa taratibu, ategemee wa ndani aletewe wa nje. Ndo maana pitcha mzuri akistaafu anaweza kukwambia mpira gani unakuja kabla haujatoka mkononi. Afu kuna hili ambalo watu hawalitaji sana, siku hizi pitcha wa kuanza akirusha leo, siku kama nne zinazofuata hachezi, ila yupo palepale benchi anaangalia. Piga hesabu ya mtu aliyecheza miaka 20, mechi alizoziangalia ni nyingi mno kuliko alizocheza. Kukaa, kuangalia na kumwambia mwenzako wa pembeni kwamba yule mpigaji amesogeza mguu, hiyo ndo kazi ya mchambuzi na yeye ameifanya ujana wake wote bila maiki.

Ila usidhani kila pitcha mkubwa anaiweza. Sandy Koufax wa Dodgers, ambaye wengi watakwambia hakuna aliyewahi kurusha kama yeye kwa ile miaka yake michache ya mwisho, aliacha mpira baada ya msimu wa 1966 akiwa na miaka 30 tu kwa sababu kiwiko kilikuwa kimeharibika, kituo cha TV cha NBC wakampa mkataba wa miaka 10 awe mchambuzi na akaondoka kabla ya msimu wa 1973 bila kuumaliza. Alikuwa mtu wa haya, hapendi kujizungumzia na hapendi kuwasema wenzake. Mimi namheshimu sana kwa kuondoka. Kwa hiyo ukiona pitcha kadumu hewani miaka ishirini ujue ana kitu kingine zaidi ya mkono.

Tuanze na uwanjani

Kaat alizaliwa 1938 kule Zeeland, Michigan, akaingia ligi kuu 1959 na Washington Senators, timu ambayo baadaye ikahamia Minnesota ikaitwa Twins. Akacheza mpaka 1983. Misimu 25! Ushindi 283, na Gold Glove 16 mfululizo kuanzia 1962 mpaka 1977, ile tuzo ya anayecheza vizuri zaidi mpira uliopigwa kuja upande wake. 1966 alishinda mechi 25 na hakupata tuzo ya Cy Young, ile ya pitcha bora, kwa sababu enzi hizo ilikuwa inatolewa moja tu kwa ligi zote mbili na mwaka huo ikaenda kwa huyohuyo Koufax.

Na huyohuyo Koufax ndo alikuwa amemkalia Kaat kwenye World Series, yaani fainali ya ubingwa, ya 1965. Walipambana mara tatu. Mechi ya 2 Kaat akashinda 5-1. Mechi ya 5 akapoteza. Mechi ya 7, wote wawili wamepumzika siku mbili tu, Koufax akashinda 2-0. Kaat akasubiri mpaka 1982, akiwa na miaka karibu 44 na ni pitcha wa akiba tu pale St. Louis Cardinals, ndo akapata pete yake ya ubingwa. Miaka 17 katikati hapo. Afu Cooperstown wakamwingiza 2022, karibu miaka 40 tangu arushe mpira wa mwisho. Maisha yake yote ni subira, na ukimsikiliza utaisikia hiyo subira.

Smoltz yeye alizaliwa 1967, Michigan hukohuko, mtoto wa Detroit, babu yake alifanya kazi Tiger Stadium, wazazi walikuwa wanafundisha akodioni na yeye mwenyewe aliipiga tangu mdogo. Ndoto yake Tigers, timu ya Detroit, na Tigers kweli wakamchukua, afu Agosti 1987 kabla hajagusa ligi kuu wakamtoa kwenda Atlanta Braves ili wampate Doyle Alexander. Ujue Alexander alishinda mechi 9 bila kupoteza hata moja msimu ule akawafikisha Detroit kwenye mtoano, kwa hiyo siku ile Tigers hawakuonekana wajinga. Ila Smoltz akaenda kukaa Atlanta miaka 20, akachukua World Series ya 1995, Cy Young ya 1996 kwa ushindi 24 na kupoteza 8, na kwenye mtoano rekodi yake ni ushindi 15 kwa kupoteza 4.

Kiwiko kikakatika. Mwaka 2000 akafanyiwa ile operesheni inayoitwa kwa jina la Tommy John, pitcha wa kwanza kufanyiwa, 1974, wanachukua mshipa sehemu nyingine ya mwili wanaupandikiza kwenye kiwiko. Msimu mzima ukapita nje. Alivyorudi wakamgeuza awe mfunga mechi, yule anayeingia mwishoni timu ikiwa inaongoza kidogo ili alinde ushindi, na kila akifanikiwa anahesabiwa sevu moja. Mwaka 2002 akapata sevu 55, rekodi ya National League, moja ya zile ligi mbili, wakati ule. Afu 2005 akarudi tena kuanza mechi. Mpaka leo ni yeye peke yake mwenye ushindi zaidi ya 200 na sevu zaidi ya 150, na ndiye pitcha wa kwanza aliyefanyiwa operesheni ile kuingia Cooperstown, 2015.

Kwa namba za uwanjani peke yake mi ningemchagua Smoltz bila kufikiria mara mbili. Lakini dogo hakuniuliza nani alikuwa bora, aliniuliza aanze na nani.

Sasa Eckersley, na hapa nitakaa kidogo

Dennis Eckersley, wanamwita Eck, mzaliwa wa Oakland, California, 1954. Nywele ndefu, masharubu, mkono unatokea pembeni. Aliingia ligi kuu 1975 na Cleveland akiwa na miaka 20, na 1977 akiwa na 22 akawanyima California Angels hit hata moja mechi nzima, yaani hakuna aliyepiga mpira akafika salama kwenye besi, kile kituo ambacho mpigaji anakikimbilia. 1978 akiwa Boston akashinda mechi 20. Kijana ana kila kitu. Na anakunywa.

Pombe ikamla taratibu. Kufika 1986 akiwa Chicago Cubs alishinda mechi 6 akapoteza 11, na wakati wa sikukuu mwisho wa mwaka ule ndugu wa familia akamrekodi video akiwa amelewa mbele ya binti yake mdogo, kesho yake wakamwekea aangalie. Amelisimulia mwenyewe hadharani hilo, hajalificha. Mwezi uliofuata akaenda kituo cha kuachia pombe. Nikifika hapo huwa nanyamaza kidogo, maana wengi wetu tunamjua mtu ambaye video kama ile ingemwokoa na hakuna aliyethubutu kuichukua.

Aprili 1987 Cubs wakampeleka Oakland kama mtu aliyeisha. Kocha Tony La Russa na kocha wa mapitcha Dave Duncan wakamtoa kwenye kuanza mechi wakamfanya wa kuingia baadaye, na yule mfunga mechi wao alipoumia, Eck akachukua ile nafasi. Mwaka uliofuata, 1988, akapata sevu 45. Kwenye mtoano dhidi ya Boston, timu yake ya zamani, Oakland ilishinda mechi nne na zote nne alizifunga yeye.

Afu ikaja tarehe 15 Oktoba 1988, Los Angeles, mechi ya kwanza ya World Series.

Oakland 4, Dodgers 3, inningi ya 9, zamu ya mwisho ya kawaida ya kupiga, auti mbili tayari, yaani wapigaji wawili wameshatolewa, imebaki moja tu. Eck, ambaye karibu hajui kumpa mtu besi ya bure, akampa Mike Davis besi ya bure, yaani alimrushia mipira minne ya nje jamaa akatembea tu mpaka kwenye besi. Anatoka Kirk Gibson kutoka ndani, miguu yote miwili mibovu, anatembea kwa shida mpaka watu wanashangaa anafuata nini pale. Ikafika straiki mbili na mipira mitatu ya nje, yaani unaofuata ndo wa mwisho. Eck akarusha slaida, ule mpira unaokatika pembeni. Gibson akaupiga kwa nguvu za mikono peke yake ukaenda kutua kwa mashabiki kulia kabisa mwa uwanja. Dodgers 5-4. Oakland hawakuinuka tena, wakapoteza ile fainali kwa mechi 4 kwa 1.

Watu huwa wanaishia hapo, kwa Gibson anazunguka besi anachechemea na kupiga ngumi hewani. Mi nakuomba uende mbele dakika chache. Eck alienda kwenye kabati lake akasimama, waandishi wakamzunguka, akajibu. Wakaja wengine wakauliza yaleyale, akajibu. Hakujificha bafuni, hakusingizia mkono, hakumtupia lawama aliyemwomba ile slaida. Alibaki mpaka maswali yakaisha. Na lile neno la Kimarekani wanalolitumia leo kila mechi, walk-off, kwa homurani (mpira uliopigwa mpaka nje ya uwanja) inayomaliza mchezo palepale, limetoka kwake yeye, ni lugha ya mtu aliyepigwa, maana baada ya mpira kama ule pitcha hana cha kufanya zaidi ya kutembea kutoka uwanjani. Leo wanalitamka kama neno la sherehe. Mwenye neno alilitunga kwenye maumivu.

Na hakuvunjika. 1989 Oakland wakawa mabingwa. 1990 akamaliza na sevu 48, na kwenye inningi 73 na kitu msimu mzima alitoa besi za bure NNE tu, wastani wake wa pointi alizofungwa kwa kila inningi 9 ukawa 0.61. 1992 akapata sevu 51, akachukua Cy Young na mchezaji bora wa ligi mwaka huohuo. Alistaafu 1998 na ushindi 197 na sevu 390, Cooperstown wakamwingiza 2004, mara yake ya kwanza kupigiwa kura.

Kwenye maiki sasa

Kaat anaongea kidogo. Baada ya kustaafu alifundisha mapitcha wa Cincinnati Reds kidogo afu akaingia kwenye utangazaji, akawatangazia Twins, CBS, Yankees kwa miaka mingi mpaka 2006, baadaye MLB Network. Uwanjani alikuwa anarusha harakaharaka, akipokea mpira tu anarusha, na hewani ni vilevile, sentensi moja, anaacha, anakuachia uangalie. Mwaka 2023 ligi ilivyoweka saa ya kumbana pitcha, sekunde 15 kama hakuna mtu kwenye besi, mechi zikashuka kutoka wastani wa zaidi ya saa 3 mpaka saa 2 na dakika 40, na mi nilimkumbuka yeye, maana hilo la kurusha haraka amelipigia kelele miaka na miaka. Shida ni kwamba Kaat anadhani tayari unajua. Hakuelezi kwa nini, anakuonesha tu. Kwa mgeni wa mchezo utaachwa nyuma.

Na siwezi kumsifia bila kusema hili: Oktoba 2021 alitoa kauli hewani kuhusu mchezaji mweusi wa Kikuba ambayo iliumiza watu na ilistahili kuumiza, ilirudi kwenye lugha ya enzi za mashamba na utumwa. Aliomba radhi palepale kwenye matangazo. Ila nililiweka kwenye mizani wakati nachagua, na lina uzito.

Smoltz ni mwalimu. Tangu 2016 ndiye mchambuzi mkuu wa Fox, alianza na mtangazaji Joe Buck, sasa yuko na Joe Davis, na World Series yake ya kwanza kwenye kiti kile ilikuwa ile ya Cubs na Cleveland, Cubs wanachukua ubingwa wa kwanza tangu 1908, mvua inasimamisha mechi ya 7 watu roho mkononi. Hakuna anayemfikia kwenye kukwambia mpango wa pitcha, huyu kamtupia mpira wa juu ndani ili amfungulie ule wa chini nje, angalia sasa, na kweli unakuja. Mi nimejifunza kuangalia besiboli kwa Smoltz, nakiri wazi. Lakini analinganisha sana na enzi zake. Pitcha akitolewa inningi ya 5 anaumia, wapigaji wakitafuta homurani tu anaumia. Mara nyingi ana hoja, hasa anapoongelea viwiko vya vijana wanaorusha kila mpira kwa nguvu zao zote, na yeye kiwiko chake kilifunguliwa kwa hiyo haongei ya kusikia. Lakini kwa mtu mpya, saa tatu za kuambiwa kwamba mchezo anaouona sasa hivi umeharibika, hapana. Ni kama kumkaribisha mgeni chakula huku unamwambia ungekuja jana.

Eck alianza kituo cha TV cha NESN cha Boston 2003, kwanza studio, baadaye akahamia uwanjani, mpaka mwisho wa msimu wa 2022. Ana lugha yake. Mpira wa kasi kwake ni jibini, mpira laini wa kudanganya ni saladi, akichangamka anaitoa moja baada ya nyingine mpaka unatabasamu peke yako gizani. Lakini si hilo lililonifanya nimpende, ni kwamba hadanganyi. Red Sox, timu ya Boston, wakicheza vibaya anasema wamecheza vibaya, kwenye kituo ambacho sehemu kubwa ni mali ya wenye timu yenyewe. Juni 2017 alitoa neno moja la kinyaa pale kwenye skrini zilipooneshwa namba mbaya za Eduardo Rodriguez, pitcha wao aliyekuwa anarudi kutoka kwenye majeraha, na baadaye ndani ya ndege ya timu David Price, pitcha mwingine wa timu hiyo, akamfokea mbele ya watu na baadhi ya wachezaji wakapiga makofi. Mzee wa Cooperstown, zaidi ya miaka 60, anasemwa kama mtoto. Akabaki kazini. Hakubadilisha namna ya kuongea.

Na hapohapo, pitcha kijana akipigwa homurani ya kumaliza mechi, sikiliza sauti ya Eck inavyobadilika. Anashuka. Wengine wanashangilia mpigaji, yeye kwanza anamtaja aliyebaki kwenye kilima, maana yeye ameshasimama pale na dunia nzima inaangalia. Kusema ukweli kuhusu kosa bila kumkanyaga aliyekosea, hiyo sijaipata kwa mwingine kwa kiwango kile.

Wawili wa pembeni, kwa haraka

Dizzy Dean ungemtaka kama unapenda vituko. Ushindi 30 mwaka 1934 na Cardinals, 1937 kwenye mechi ya nyota mpira ukamvunja kidole cha mguu, akarudi mapema, akabadilisha namna ya kurusha kukwepa maumivu na bega likaenda. Shule alisoma kidogo sana, na kwenye redio alikuwa anasema "slud" badala ya neno sahihi la mtu kateleza kuingia kwenye besi, ni kama mtangazaji wetu aseme "ameteleka", mpaka 1946 walimu wa Missouri wakalalamika kwamba anaharibu watoto. Wasikilizaji wakamtetea. 1947 aliwasema sana mapitcha wa St. Louis Browns hewani, timu ikamwambia haya shuka wewe, akashuka, miaka sita na kitu tangu acheze mechi yake ya mwisho, akarusha inningi 4 bila kufungwa pointi na akapiga hit. Ila sauti zake zilizobaki ni chache.

Don Drysdale naye. 1968 alikaa inningi 58 na theluthi mbili bila kufungwa, rekodi. Miaka 20 baadaye, Septemba 1988, yuko kwenye maiki ya Dodgers na Orel Hershiser anafika 59 mbele ya macho yake, anashuka kumhoji kijana aliyemvunjia rekodi, kwa furaha kabisa. Wiki chache baadaye redio ya Dodgers usiku wa Gibson, anayesimulia ile homurani ni Drysdale. Pitcha anamtangaza pitcha mwenzake akianguka. Drysdale alifariki 1993 hotelini Montreal akiwa safarini kikazi, na Hershiser leo ndiye mchambuzi wa Dodgers. Hii mnyororo inanigusa sana.

Unaweza kuwasikia leo?

Hapa mambo yanabadilika. Kaat na Eckersley wote wawili waliacha 2022, kwa hiyo ukiwachagua utaishi na rekodi za YouTube. Aliyepo hewani ni Smoltz, mechi za Jumamosi usiku na World Series, ambayo huku kwetu inaanza karibu saa tisa usiku. Hershiser ukimtaka, mechi za nyumbani za Dodgers zinaanza huku saa kumi na moja alfajiri na dakika zake, muda mzuri kwa anayeamkia swala au anayewahi daladala, mbaya sana kwa mimi ninayekabidhi zamu saa kumi na mbili.

Kwa hiyo jibu langu kwa dogo: kama unataka kujua mchezo unachezwaje na unataka sauti ya wiki hii, Smoltz, na mvumilie akilalamika. Kama tayari unaijua besiboli na umechoshwa na watu wanaoongea sana, Kaat. Lakini kama ndo unaingia na hujui kwa nini watu wazima wanalilia mpira mdogo kiasi kile, anza na maisha ya Eckersley. Smoltz atakufundisha kwa nini slaida ya Gibson ilikuwa kosa. Eck atakufanya ujali.

Tulimwekea ile mechi ya 1988 usiku wa juzi, tablet tumeiegemeza kwenye kikombe cha chai. Dogo alinyamaza mpaka mwisho. Gibson akazunguka, uwanja ukalipuka, na mimi nikasubiri aulize habari za Gibson kama kila mtu.

Akaniuliza, "Kaka, yule mrushaji usiku ule alilala kweli?"

Nikamweleza habari ya kabati na waandishi. Akatikisa kichwa, akaenda kuzunguka geti, akarudi baada ya robo saa na kitu kingine: yule Smoltz tuliyemsikia siku ile, naye ana usiku kama huo? Anao. Mechi ya 7 ya World Series ya 1991, kijana wa miaka 24 dhidi ya Jack Morris ambaye alikuwa shujaa wake tangu utotoni Detroit, Smoltz katolewa inningi ya 8 hajafungwa hata pointi moja, Morris kabaki inningi zote 10 na Twins wakashinda 1-0. Nimeshaitafuta, ipo nzima. Jumamosi wote wawili tuko zamu.